Saa nane mchana, mtoto yuko wapi?

Nkuhungu, Dodoma, saa nane mchana. Mtoto wa darasa la pili amekaa kwenye kivuli cha genge, ufunguo wa chumba umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Mama yake anauza nyanya soko la Sabasaba, atarudi giza likiingia. Mama wa genge humtupia jicho akikumbuka. Hayo ndiyo malezi ya baada ya masomo aliyonayo.

Wenye ajira za ofisini nao hawajapona. Kazi serikalini inaisha saa 9:30 alasiri, ukiongeza safari kutoka Mtumba, kwenye mji wa serikali, ni saa kumi na kitu, na darasa la kwanza limeshatoka zamani. Wengi waliohamia Dodoma na serikali kuanzia 2016 waliacha bibi na shangazi Dar es Salaam. Pengo hilo tunaliziba kwa dada wa kazi au tuisheni. Programu Jumuishi ya Taifa ya malezi na makuzi, iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma Desemba 2021, inamhusu mtoto hadi miaka 8. Wa miaka 9 na 10 wameshaipita, na kujilea bado hawawezi.

Basi ikitungwa sera ya kuwahudumia, watoto wenyewe waulizwe? Kisheria hakuna mjadala. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Ugumu uko kwenye utekelezaji, na wanaosita wana hoja.

Mtoto hajui bei. Muulize anataka nini, atakuambia mpira na katuni; mzazi anayelipa anataka hesabu na Kiingereza. Isitoshe, tunajua anayepelekwa kusema: kiranja mwenye sauti nzuri, shati limepigwa pasi, risala imeandikwa na mwalimu. Tumeliona hilo kila Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika. Mgeni rasmi anapiga makofi, risala inaingia kwenye faili. Kwa ushirikishwaji wa namna hiyo, mimi niko upande wa wanaopinga. Na kuna mengine, kama kuguswa vibaya na mlezi, ambayo mtoto hawezi kuyasema mbele ya ukumbi hata umbembeleze. Ulinzi wake ni jukumu la mkubwa, halipigiwi kura na watoto.

Lakini yule wa gengeni nilimuuliza, bila daftari, angependa mahali pa kukaa baada ya shule pawe na nini. Nilitegemea aseme televisheni. "Choo chenye komeo, mjomba." Basi. Akarudi kwenye vifuniko vyake vya soda. Nimekaa kwenye vikao kadhaa vya wazazi, tumebishana juu ya ada na uji, komeo halijawahi kutajwa. Sisi tunaowachukua jioni choo cha watoto hatukitumii.

Hapo ndipo ninapoona faida. Nani alipe, nani apewe kibali, mlezi mmoja kwa watoto wangapi: hayo tusiwabebeshe. Ila njia ya kurudi nyumbani, choo, njaa ya saa tisa, mkubwa anayetisha, hayo wao wanayajua kuliko afisa yeyote wa ustawi wa jamii. Kiwango cha serikali kitasema kituo cha malezi ya baada ya masomo kiwe na choo. Komeo litasahaulika.

Tena wasiulizwe walioko vituoni tu. Pembeni ya genge lile alikuwapo binti wa darasa la nne, mdogo wake mgongoni kwa kanga. Nilipomuuliza kama angekwenda kituo kikifunguliwa mtaani, alicheka kwanza, akainamisha kichwa.

"Na huyu nimpeleke wapi?"

Kwa mipango yetu, huyo ni mtoto wa kulelewa. Kwa maisha yake, yeye ndiye mlezi hadi mama arudi. Kituo kinachopokea wanafunzi peke yao kitamwacha nje hata kikiwa bure, na mwisho wa mwaka ripoti itasema mwamko wa jamii ni mdogo. Mtu wa kumuuliza inabidi amfuate hapo gengeni, mchana, kabla ramani ya jengo haijachorwa, maana chumba cha kulaza wadogo hakiongezwi kirahisi kuta zikishasimama.