Sekunde Nane za Bingwa

Hesabu yangu ni hii: tiketi mbili, sambusa 24 alizokaanga mke wangu tangu alfajiri, na chupa nzima ya chai ya tangawizi. Vyote hivyo kwa ajili ya kumwona mtu mmoja, bingwa wa mbio za magari Antron Brown, kwa sekunde nane. Nne mchana, nne jioni. Na hizo nne nazo nimetia chumvi, maana gari lake likienda vizuri linamaliza safari kwa sekunde 3.7 hivi. Katika sekunde zote hizo, mimi sikuona hata moja.

Naishi Indianapolis, mwaka wa tisa huu. Mjomba alikuja kututembelea kutoka Tanga, akatukuta karibu na Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo huku huangukia Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Mjomba ni dereva mstaafu. Ameendesha mabasi ya Tanga na Dar miaka thelathini na ushee. Tulimpeleka makumbusho, akasinzia kwenye benchi mpaka mlinzi akaja kumtazama kama bado anapumua. Nikasema huyu dawa yake ni magari.

Na magari tunayo. Magharibi ya mji, njia ya kwenda Brownsburg, kuna uwanja ambao tangu 1961 wanafanyia U.S. Nationals, mashindano makubwa kuliko yote ya mbio za drag. Mbio zenyewe hazina maneno mengi. Magari mawili yanasimama sambamba kwenye njia iliyonyooka kama rula, taa inawaka kijani, kila mtu anakanyaga. Kona hakuna. Tulikwenda Jumamosi, siku ya kufuzu, ambapo kila dereva wa Top Fuel, daraja la juu la mbio hizi, hukimbia mara mbili tu, mchana na jioni.

Njiani nikawa namsomesha mjomba habari za bingwa wangu, Antron Brown. Mimi nikishampenda mtu najipa usemaji wake bila kuombwa. Nikamwambia huyu bwana alianzia kwenye pikipiki mwaka 1998, na 2008 akahamia Top Fuel, yale magari marefu kama sindano yenye matairi makubwa nyuma. Mwaka 2012 akachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi saba, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuupata kwenye Top Fuel. Akarudia 2015, akarudia 2016. Halafu akaacha kuendesha gari la mtu, mwaka 2022 akaingia na timu yake mwenyewe, na 2024 akachukua ubingwa wa nne akiwa na chombo chake.

Mjomba muda wote alikuwa anatazama mahindi dirishani. Hapo akageuka.

"Alimwacha tajiri?"

"Alimwacha, mjomba."

"Huyo ana akili."

Ubingwa wa mara nne haukumgusa. Kumwacha tajiri kulimgusa mpaka akavua kofia akajikuna kichwa.

Nikaongeza kwamba 2013 kule Pomona, California, injini ilimlipukia, gari likapinduka na kuwaka moto, naye akatoka mzima. Mjomba akauliza abiria walikuwa wangapi. Nikamwambia halipakii abiria. "Basi sawa," akasema, akarudi kwenye mahindi.

"Linapita kilomita 530 kwa saa, mjomba."

Akanyamaza akipiga hesabu. "Tanga Dar dakika arobaini," akasema mwishowe. "Na ukipigwa tochi ya trafiki?"

"Tochi itaungua."

Uzuri wa mchezo huu ni kwamba tiketi yako inakuruhusu kuingia mpaka kwa mafundi, unasimama kwenye kamba unatazama gari linavyofunguliwa. Na linafunguliwa kweli. Kila likitoka kukimbia injini inashushwa vitu vyote, pistoni zinatoka, klachi inatoka, vinarudishwa vingine, na kazi yote wanaimaliza kwa saa moja hivi. Mjomba alisimama pale mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Limeharibika?"

"Hapana. Kila wakimaliza mbio wanafungua."

"Kila safari?"

"Kila safari."

Akanivuta pembeni, akashusha sauti ingawa pale hakuna aliyejua Kiswahili. "Mjomba, hilo gari ni bovu. Mnadanganywa."

Nilipomwambia linakunywa lita 50 hivi kwa safari moja, pamoja na kuwashwa na kuchoma matairi, na safari yenyewe ni futi 1000, yaani mita 305, alicheka mpaka akashika kamba. Alisema tajiri wake angemshusha njiani, palepale Segera, na begi lake juu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Timu ya jirani walikuwa wanajiandaa kuwasha injini kuipima. Mimi nikajifanya mwenyeji, nikasukuma watu, nikasogea mpaka mbele kabisa, tena nyuma ya gari, upande wa moshi. Nikaona mafundi wanavaa barakoa kubwa zenye vichujio. Nikasema moyoni, jamani hawa wanajali afya. Nikaona na watu wazima kwa watoto wanarudi nyuma. Nikafurahi, nafasi imepatikana.

Magari haya hayatumii petroli. Yanatumia nitromethini, na isiyoungua yote inatoka kwenye mabomba ikiwa mvuke. Injini ilipowaka, sauti haikupitia masikioni, ilipitia kifuani, meno yakagongana bila ruhusa yangu. Kisha mvuke ukafika. Mtu aliyewahi kukutana na bomu la machozi ataelewa. Asiyewahi, achukue gunia la vitunguu akalikatie ndani ya choo cha bati saa saba mchana, mlango umefungwa. Macho yalifumba yenyewe. Pua ilifunguka kama bomba la mtaani. Nikageuka kukimbia, nikapambana na pipa la taka, nikaliomba msamaha kwa Kiingereza.

Nilipofumbua macho mjomba alikuwa hatua thelathini nyuma, kivulini, mkavu kabisa, anakula sambusa.

"Fundi akivaa kitu usoni," akasema, "na wewe jiulize."

Tukapanda jukwaani. Pembeni yetu alikaa mzee wa Kizungu mwenye vidude vya kuziba masikio, akanigawia vyangu viwili vya sponji, mjomba akamlipa sambusa mbili. Mjomba mwenyewe alikataa kuziba. Mabasi yake ya zamani injini ilikaa ndani, ubavuni kwa dereva, kwa hiyo sikio la kushoto Leyland ilishalichukua kitambo. Akakaa ameelekeza hilo sikio uwanjani, akamaliza habari.

Nikamimina chai. Kosa la pili. Jozi ya kwanza ya Top Fuel ikasogea kwenye taa. Nilijua utaratibu: taa tatu za manjano zinawaka kwa pamoja, sekunde 0.4 baadaye kijani. Nilijua kila kitu isipokuwa kwamba mkono ulioshika kikombe nao utasikia. Jukwaa lile la bati liliruka, chai ya tangawizi ikaruka nalo, na ikarudi yote mapajani mwangu.

Mwenye kumwagikiwa na chai ya moto hapo hana habari na ratiba. Nikasimama, nikageuza mgongo, nikawa naivuta suruali isiguse ngozi, huku nampigia mjomba kelele anipe leso. Nyuma yangu dunia ikapasuka mara ya pili. Nilipogeuka niliona parachuti mbili tu zimefunguka kule mbali, na moshi.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Yule wako," akasema mjomba.

"Ameanza?"

"Ameanza, amemaliza."

Kusubiri mzunguko wa jioni ni saa kadhaa, na suruali ilikauka na doa lenye umbo ambalo sitalieleza hapa. Katika kusubiri mjomba akaomba tupige hesabu: bingwa kama huyu, kwa mwaka, anafanya kazi kiasi gani? Nikatoa kalamu, nikaandika kwenye karatasi ya sambusa. Mashindano 20 hivi kwa mwaka. Kila moja, akifuzu vizuri na akashinda mpaka fainali, tuseme safari nane. Kila safari tumpe sekunde nne nzima. Jumla sekunde 640. Dakika 11 hazifiki.

Mjomba aliichukua ile karatasi akaitazama kwa muda mrefu.

"Dakika kumi na moja," akasema. "Mimi hizo nilikuwa nazimaliza Segera nikimsubiri konda atoke chooni."

Jioni nikajipanga. Chai nimeifunga. Sambusa nimewapa majirani. Sponji masikioni, miwani ya jua usoni, simu mkononi, maana nilishaahidi kwenye kundi la familia kwamba leo nitawatumia bingwa mubashara. Antron akasogea. Akachoma matairi, moshi mweupe ukafunika njia, akarudi nyuma taratibu kujipanga. Nikabonyeza kurekodi.

Jua lilikuwa linapiga kioo cha simu, sikuona kitu zaidi ya kiza na kivuli cha miwani. Nikaisogeza. Nikaiinamisha. Nikainamia na mimi, natafuta kile kitone chekundu kinachoonyesha kama inarekodi. Nilikuwa katika kuinama huko dunia ilipopasuka mara ya tatu, na macho yangu, ambayo tangu asubuhi yalishajifunza adabu, yakafumba yenyewe. Sekunde tatu na nukta saba. Nilipoyafumbua, parachuti.

Hata hivyo nilijifariji: ushahidi ninao simuni. Bila kuangalia, nikautuma palepale kwenye kundi, na maneno makubwa: HUYU HAPA ANTRON BROWN, BINGWA WA DUNIA!!! Huko Tanga ilikuwa saa sita usiku, lakini kundi letu halilali.

Wa kwanza kujibu alikuwa dada. "Kaka, huyo bingwa mbona amefanana na wewe?"

Kisha shemeji akaweka vikaragosi vya kucheka vilivyojaza kioo kizima. Kisha mama, ambaye hana subira ya kuandika, akatuma ujumbe wa sauti: "Mwanangu, nani kakukaba?"

Nikafungua ile video. Kamera ya mbele. Sponji mbili za rangi ya chungwa zimechomoza masikioni kama pembe za mwanambuzi, mdomo wazi, meno yote yapo, halafu kishindo kinaingia na mashavu yanaanza kutetemeka kama uji kwenye lori. Hakuna gari. Hakuna uwanja. Mimi, mwanzo mpaka mwisho.

Niliifuta kwangu, lakini walishaihifadhi. Siku hizi nikichelewa kujibu ujumbe wananitumia kipande cha mashavu.

Usiku ule nyumbani mjomba aliomba aione tena, kwenye simu ya mke wangu. Akavaa miwani yake ya kusomea, akaisimamisha, akairudisha nyuma, akaisimamisha tena. Akaita, "Mjomba, njoo." Akaweka kidole kwenye picha, juu ya kioo cha kushoto cha miwani yangu ya jua. Ndani ya kile kioo mna kijistari cheupe, hiyo ndiyo njia ya mbio, na juu yake kitone kidogo kama ufuta, na nyuma ya kitone moto.

"Bingwa wako huyu hapa," akasema. "Anakupita jichoni."