Basi la Stendal na Fedha ya Umma

Stendal ni wilaya ya vijijini kaskazini mwa jimbo la Saxony-Anhalt, Ujerumani. Mwaka 1994 kampuni ya Altmark Trans ilipewa leseni ya kuendesha mabasi huko, huku ikipokea ruzuku kwa sababu nauli pekee haikutosha. Mshindani wake aliyenyimwa leseni alikwenda mahakamani akidai kwamba kampuni isiyoweza kusimama bila fedha ya umma haistahili kupewa kazi hiyo. Shauri lilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na tarehe 24 Julai 2003 majaji wakaweka masharti manne. Malipo yakiyatimiza yote, huhesabiwa kuwa fidia ya kazi, si ruzuku inayodhibitiwa na sheria za Umoja wa Ulaya.

Matatu ya kwanza nayaunga mkono kwa moyo wote. Kazi itajwe waziwazi. Njia ya kukokotoa malipo ijulikane kabla basi halijawashwa. Malipo yasizidi gharama baada ya kutoa nauli, pamoja na faida ya wastani. Bila hayo, kampuni iliyozembea itafidiwa hasara yake mwaka hadi mwaka, na mlipakodi hatajua analipia nini.

Sharti la nne ndilo linalonitatiza: pasipo zabuni, gharama zipimwe kwa kampuni ya kawaida inayoendeshwa vizuri. Ipi hiyo? Basi linalookota watoto watano wa shule na bibi anayekwenda kwa daktari, kisha likarudi tupu, huwezi kulipima kwa basi la Berlin.

Watetezi wa sharti hilo husema: basi tangazeni zabuni. Hoja ina uzito, maana bei hujulikana wakishindana wengi. Tatizo ni kwamba wengi hawaji. Mwaka 2023 Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya, chombo kinachokagua fedha za Umoja wa Ulaya, ilieleza kuwa kati ya 2011 na 2021 sehemu ya zabuni zenye mwombaji mmoja tu iliongezeka karibu maradufu. Hapo bei ameipanga nani, kama si yeye mwenyewe?

Kwa mabasi na treni, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1370 ya mwaka 2007 inairuhusu mamlaka ya eneo kuendesha huduma yenyewe au kumpa mwendeshaji aliye chini yake, mradi asilipwe kupita kiasi. Njia hiyo naiona ya haki zaidi kwa wilaya kama Stendal, ilimradi hesabu za malipo hayo zikaguliwe kila mwaka na zibandikwe pale wanakijiji wanapoweza kuzisoma.