Shikamoo Sikio la Panya

Kosa langu mie ni mdomo. Novemba 2009 binamu yangu baharia alinipigia simu kuwa anarudi kutoka kaskazini ya Norwei na ananiletea mti. Hata jani sijaliona, nishautangaza barazani kwetu Mwembetanga: mti wa Ulaya uko njiani, naupanda uwani, kila alasiri njooni na mikeka yenu mkae kivulini, kahawa nalipa mie.

Wakaja watu sita. Mmoja kachukua mkeka kweli.

Binamu akatoa kopo la maziwa ya unga, akafunua. Ndani mna udongo mweusi na vijani vinane vya mviringo vinavyong'aa. Urefu wake, kidole gumba changu kinaushinda.

Kimya. Mzee wetu wa baraza akainama, kofia yake ya viua ikataka kumdondoka. "Huu mti au mchicha?"

"Mti, mzee wangu. Wanorwei wanauita sikio la panya." Binamu akatueleza kuwa shina na matawi yote yamejificha udongoni, majani tu ndiyo yanachungulia. Kule upepo unakata kama wembe, na pengine ukichimba kidogo unakuta ardhi imeganda mwaka mzima, mizizi haina pa kuteremkia. Mti ukijitia kusimama wima, umekwisha. Wenye akili hulala chini, na hukua taratibu mno. Jamaa zake wa Greenland walipohesabiwa miduara ya shina, alionekana mmoja aliyepindukia miaka 200.

"Kwa hiyo huu yumkini ni mkubwa wangu?" mzee akauliza.

"Yumkini."

Mzee akaweka mkono kifuani, akaliinamia kopo. "Shikamoo."

Na sisi sote, wallahi, tukanyamaza kusubiri jibu.

Sasa, kaskazi ishaanza kuvuma, Unguja inachemka, na mti wenyewe kwao hulala chini ya theluji sehemu kubwa ya mwaka. Pa kuuweka ni kwenye friji tu. Friji nayo ni ya mke wangu, anauza barafu za ukwaju. Tuligombana siku mbili, mwisho akanipa nafasi mlangoni, pembeni ya mayai. Nikawa usiku naamka kwenda kuutazama. "Nilipokuwa na homa mie," akaniambia, "hukunichungulia hivyo."

Tarehe 10 Desemba umeme ukakatika Unguja nzima. Waya wa chini ya bahari unaotoka bara ulikuwa umekorofisha. Tukadhani ni wa siku mbili, ulirudi Machi! Barafu tukawagawia watoto wa mtaa usiku uleule kabla hazijawa juisi. Mti nikauhamishia ubavuni mwa mtungi wa maji, nikaufunika kitambaa kibichi, na mchana naupepea kwa kile kipepeo cha kuchochea mkaa. Mtu mzima, mwenye ndevu zangu, nimechutama nakipepea kikopo.

Kila jirani mwenye uwezo akanunua jenereta. Mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka shamba, halali kwa ngurumo, kichwa kinamgonga toka asubuhi hadi usiku. Na binamu, mdomo ni wa ukoo, siku moja kwenye chakula akaropoka kuwa gome la miti ya jamii hii watu walilitumia tangu zamani kutuliza maumivu, na asili ya aspirini ni hukohuko.

Ijumaa narudi msikitini, kopo tupu.

Mkwe hapaziwi sauti. Nikakaa kitako kwanza. "Mama, ule mti wangu..."

"Ule wa kichwa? Nimeuchemsha, baba. Wote umetoa kikombe kimoja."

"Na kichwa?" Machozi yananilenga.

"Kimepungua. Ila mchungu! Siku nyingine waambie wakupe mkubwa kidogo."

Alasiri mzee akafika na mkeka wake kwapani, kama kawaida yake ya kunidhihaki. Akalichungulia kopo.

"Mkubwa wangu kaenda wapi?"

"Kanywewa."

Akataka kucheka. Hapo jenereta la nyumba ya pili likawashwa, dirisha letu likatetemeka, mzee akafumba macho, akashika paji la uso. Akanisogelea, akaninong'oneza:

"Hakikubaki hata kidogo?"