Kalunguyeye kwenye pantoni

Natafuta hati ya shamba kwenye sanduku la zamani, nikaibuka na Game Boy Advance yangu ya utotoni, kile kimashine cha gemu cha mkononi, kaseti ya Sonic Advance 2 bado imo. Mjomba aliniletea nikiwa darasa la sita, na kusema kweli niliichukia. Yule Sonic, kalunguyeye wa buluu, anatimka kama kavamiwa na nyuki, mimi nabana mshale wa kulia, paa, shimoni. Niliwahi kuibadilisha na kopo la korosho. Mwenzangu akairudisha kesho yake, na kopo lake nikampa tupu.

Inataka betri mbili ndogo. Moja nikachomoa kwenye saa ya ukutani chumbani kwetu, nyingine kwenye saa ya sebuleni, ambayo ni mali ya mama mkwe. Nilisema nitairudisha kabla hajaona.

"Mkwe wangu," akaniita, "vitumbua hivi mpelekee mdogo wangu Msangamkuu. Ana wageni, wanasubiri chai."

Nikapanda pantoni, hotipoti mapajani, gemu mkononi. Sasa, mashine ile ya 2001 kioo chake hakina taa. Lazima ukielekeze kwenye jua. Pantoni ikigeuka jua linahama, na mimi nahama nalo, ilimradi gati nimelipa mgongo.

Na hapo ndipo nilipomwelewa yule mnyama, baada ya miaka yote hiyo. Ukikimbia bila kusita anachanganya, anaingia kasi ya pili, na pete alizookota njiani zikiwa nyingi anachanganya mapema zaidi. Springi ikimrusha, bonyeza kitufe cha R angali hewani, anajirusha tena. Mashimo yaliyoniliza utotoni nikawa nayaruka naona raha. Hata bosi, yule adui mkubwa wa kumalizia hatua, hapiganwi mmesimama: Eggman anakimbia mbele na dude lake, wewe unamfukuza. Jamani, mbona nilikuwa sijaona utamu huu!

Katikati ya hatua ya Hot Crater mtoto mmoja akasema, "Anko, naomba kimoja." Nikajibu chukua, macho kiooni. Nadhani alirudi. Nadhani alirudi na ukoo.

"Kaka," sauti ya kijana wa pantoni, "wewe abiria au umeajiriwa? Hii safari ya tatu unavuka na sisi."

Nikainua macho. Tuko Mtwara. Nikafungua hotipoti: kimebaki kitumbua kimoja, nacho kimeng'atwa.

Nilirudi nyumbani nikitunga uongo njia nzima. Mama mkwe yuko sebuleni, katulia, anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umewahi hivyo?" Akaitazama saa ya ukutani. Saa mbili na dakika hamsini.

Nikapumua. Mungu ana wake. Nikaanza kueleza jinsi pantoni ilivyokuwa na kasi siku hizi, na mdogo wake alivyoshukuru. Nimefika kwenye salamu za wageni, msikitini ikapigwa adhana ya adhuhuri.

Mama mkwe akaacha ungo. Akaitazama saa tena. Akainuka, akaitungua, akaigeuza, akaingiza kidole pale betri inapokaa. Kimya kikatanda, na ndani ya kimya hicho mfukoni mwangu muziki wa kalunguyeye ukasikika vizuri kabisa, maana sikuwa nimeizima.

Akanyoosha kiganja.

"Mama," nikasema, "nipe dakika moja tu, nipo kwa bosi."