Nanga au boya? Yoti inaposimama kwenye kisiwa kidogo cha matumbawe

Yoti inayovuka bahari ya tropiki na kusimama siku mbili tatu kwenye kisiwa kidogo ina swali moja la kujibu kabla ya maji, mboga na matembezi ufukweni: itie nanga yake yenyewe, au ifungwe kwenye boya lililowekwa na wenyeji? Wahifadhi wa bahari wanasema boya, na hawataki kusikia jingine. Manahodha wengi nao hushikilia kwamba nanga yao wanaijua, boya la watu hawalijui. Kila upande una hoja nzito. Kosa la pande zote mbili ni kubishana kana kwamba sakafu ya bahari ni ile ile kila kisiwa.

Hoja ya wahifadhi ina nguvu kuliko wanavyoieleza wao wenyewe. Wengi hudhani nanga peke yake ndiyo inayovunja matumbawe, kumbe nanga huchimba mahali pamoja na kutulia. Kinachofagia ni mnyororo. Chukua mfano wa kina cha mita 12 maji yakiwa yamekupwa. Maji yakijaa yanaongeza mita 1.5, na omo ya yoti, yaani ncha yake ya mbele, iko mita 1.5 juu ya maji. Hapo kimo cha kuhesabia ni mita 15, si 12, na kwa kipimo cha kawaida cha mnyororo wenye urefu wa mara tano ya kimo hicho, zinahitajika mita 75. (Anayesahau maji kujaa na kimo cha omo humwaga mita 60 akiamini ana mara tano, kumbe ana mara nne tu.) Mnyororo wa milimita 10 wenye urefu huo una uzito wa kilo 170 hivi. Upepo ukizunguka, chombo cha mita 12 kinaweza kuchora duara la zaidi ya hekta mbili, na sehemu kubwa ya duara hilo mnyororo unaiburuza chini.

Sasa weka vichwa vya matumbawe ndani ya duara hilo. Tumbawe kubwa la mviringo la jamii ya Porites hukua kwa takribani sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo kichwa cha kimo cha mita 2 kina karibu miaka 200. Yale yenye matawi, jamii ya Acropora, hukua haraka zaidi, baadhi yake sentimita 10 hivi kwa mwaka, lakini hukatika kama vijiti. Usiku mmoja wa upepo unaogeukageuka unatosha kuyalaza.

Na si matumbawe peke yake yanayoumia. Upepo unapotulia jioni na yoti kuzunguka polepole, mnyororo hujizonga kwenye kichwa kimoja, kisha cha pili. Zile mita 75 zinabaki 20 zinazofanya kazi, na mnyororo unasimama wima. Mvua ya upepo ikija usiku wa manane pamoja na mawimbi, kila omo inapoinuka mnyororo hukazika ghafla, bila ile tao ya mnyororo uliolegea inayopunguza mshtuko. Kamba ya nailoni ya kunyonya mishtuko hukatika kwanza, kisha gurudumu la nanga pale omoni hupinda. Nahodha akishikwa na hofu huikazania winchi, na winchi huungua, kwa maana imeundwa kuinua mnyororo, si kuuvuta mwamba. Njia sahihi ni kusubiri mwanga, mtu mmoja ashuke na miwani ya kuzamia afuate mnyororo kwa macho, aone umepita upande gani wa kila kichwa, halafu chombo kiendeshwe pole pole kurudi kwenye njia ile ile kinyumenyume, mnyororo ukiwa umelegea. Kazi hiyo ni ya subira, na haifanyiki gizani.

Ungedhani basi hoja imekwisha na boya limeshinda. Lakini boya ni kile kilicho chini yake. Boya lenyewe linaloelea lina rangi nzuri na halikuambii chochote. Katika visiwa vingi vidogo, chini kuna jiwe la zege. Zege la tani moja likiwa ndani ya maji ya bahari lina uzito wa kilo 570 hivi tu, kwa sababu maji yanalibeba. Likikaa juu ya mchanga mgumu bila kuzama, linashikilia mvuto wa ubavuni ulio mdogo hata kuliko huo. Upepo nao hauongezi nguvu kwa ulinganifu: kasi ikiwa mara mbili, mvuto huwa mara nne. Jiwe lililoshikilia vizuri wiki nzima kwa upepo wa noti 15 (kilomita 28 hivi kwa saa) linaweza kuanza kutembea noti 30 zikifika, na yoti iliyofungwa hapo haina habari.

Kisha kuna viungo vya kati. Shakeli, ile pingu ya chuma yenye umbo la U inayounganisha mnyororo na kamba, huliwa pini yake pale inaposuguana. Pini ambayo haikufungwa waya hujifungua yenyewe kwa mtikisiko wa mawimbi. Pini ya chuma cha pua ikiwekwa kwenye shakeli ya mabati, kutu hula mabati kwa kasi. Kamba inayogusa sakafu maji yakikupwa hukwanguliwa na mchanga na vipande vya matumbawe kutoka nje, na ile ya nailoni inayovutwa na kulegea mfululizo hupata joto ndani na kudhoofika pasipo dalili juu yake. Hivi vyote huonekana kwa mtu anayezamia. Asiyezamia ameuweka usiku wake mikononi mwa aliyezamia mara ya mwisho, kama yupo.

Hapo ndipo hoja ya manahodha inapostahili heshima kuliko inavyopewa. Yoti ikikatika kwenye boya na kupanda mwambani, hasara ya matumbawe kwa usiku mmoja yaweza kupita ya nanga nyingi: uzito wa chombo unaosaga, dizeli inayovuja, rangi ya sumu ya chini ya maji inayobaki kwenye mwamba. Boya bovu si uhifadhi.

Bonaire, kisiwa cha Karibi ambacho hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 1979, ilichagua kuzuia nanga na kuzitaka yoti zifunge kwenye maboya. Pale uamuzi huo una mantiki ya wazi. Ukanda wa kina kifupi ni mwembamba, kisha sakafu inateremka kwa ghafla ikiwa imevikwa matumbawe. Nanga ya mteremkoni huteleza, na upepo ukigeuka hakuna nafasi. Boya lililo chini ya uangalizi wa hifadhi ndilo salama kwa wote. Teknolojia nayo ilikuwepo: kule Key Largo, Florida, mwanzoni mwa miaka ya 1980 walianza kutoboa mwamba mfu na kupachika pini ya chuma kwa saruji, na pini hiyo hushikilia kuliko jiwe zito la zege bila kuhama. Kwenye tabaka nene la mchanga, parafujo refu la chuma linalozungushwa hadi lizame hufanya kazi hiyo.

Lakini kanuni hiyo ikihamishiwa kisiwa chenye uwanda mpana wa mchanga mtupu, inazifukuza yoti kutoka mahali ambapo nanga haimdhuru mtu na kuzipeleka kwenye mawe ambayo hakuna anayeyakagua. Mchanga husogezwa na mawimbi kila siku, na tundu la nanga hufukiwa. (Majani ya bahari ni habari nyingine, mizizi yake ikichimbuliwa haiponi haraka.) Katika kisiwa kama hicho nachagua nanga bila kusita, mradi duara lote liwe mchanga, si pale inapoangukia tu. Kulijua hilo kunahitaji kufika jua likiwa juu na nyuma yako, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mtu akiwa amesimama omoni na miwani ya kukata mng'ao. Buluu nzito ni kina, feruzi ni mchanga, kahawia na manjano ni tumbawe lililo karibu na uso. Anayefika saa kumi na moja jioni jua likiwa machoni hawezi kuchagua chochote.

Palipo na mchanga uliotapakaa vichwa viwili vitatu, ipo njia ya kati ambayo haipewi nafasi yake kwenye mabishano haya: kuufanya mnyororo uelee. Nanga ikishafika mchangani na kushika, mwaga takribani mara moja na nusu ya kina kabla ya kufunga boya dogo la kwanza, ili mvuto kwenye nanga ubaki wa mlalo, kisha funga jingine kila mita tano hadi nane. Boya la lita 10 hubeba kilo 10 hivi, yaani karibu mita 5 za mnyororo wa milimita 10 ukiwa majini. Mnyororo unaning'inia juu ya vichwa badala ya kuviburuta. Wapinzani husema njia hii inapunguza uzito unaonyonya mshtuko. Ni kweli kwa upepo wa wastani. Kwenye upepo mkali mnyororo hunyooka hata bila maboya, na anayenyonya ni kamba ya nailoni ya mita 8 hadi 10, ambayo haipaswi kukosekana.

Swali linalobaki ni la utunzaji, na jibu lake halitoki kwa wahifadhi wala manahodha peke yao. Palmerston, katika Visiwa vya Cook vya Bahari ya Pasifiki, ni kisiwa chenye wakazi wasiofika mia moja. Yoti hazina njia ya kuingia ndani ya mwamba wake, kwa hiyo wenyeji wameweka maboya upande wa magharibi, nje, na familia moja huupokea ugeni wa kila chombo. Meli ya mizigo hufika mara chache tu kwa mwaka, na kisiwa cha namna hiyo hakina duka la shakeli. Yoti inazo shakeli. Kwa hiyo ada pekee haitoshi: wanaofunga wazamie wakague, wawaambie wenyeji walichokiona, na waache kamba na shakeli mpya zinapohitajika. Wenye kisiwa nao waandike juu ya boya uzito wa juu wa chombo na tarehe ya ukaguzi wa mwisho.

Kabla ya kuliamini boya lolote, zamia hadi chini. Pini ya shakeli ikiwa imeliwa theluthi moja, ondoka. Ukiridhika, pitisha kamba zako mbili, kila moja ikirudi pale pale ilipotoka ili isisage kama msumeno, kisha rudisha injini nyuma kwa nguvu dakika mbili huku ukilinganisha alama mbili za nchi kavu. Na popote penye kinga ya upepo wa mashariki tu, iwe nanga au boya, upepo ukielekea kugeuka magharibi yoti huondoka hapo na kwenda bahari kuu kabla ya giza.