Utani Bila Mtani

Mwaka juzi nilikuwa kwenye harusi, ukumbi mmoja wa Sinza, Dar es Salaam. MC alikuwa wa kiwango: suti ya rangi ya maziwa, sauti ya redio, mdomo usiochoka. Katikati ya kutambulisha kamati akabana pua, akabadilisha lafudhi, akapaza sauti kwa salamu ya Kihehe: "Kamweneee!" Ukumbi ulilipuka kabla hajaongeza neno, maana kila mtu alishajua kinachofuata. Hausigeli kaletwa mjini kutoka Iringa, kaonyeshwa friji, kapanga nguo zake humo akidhani ni kabati. Meza yetu ilicheka. Mimi nilicheka. Binti aliyekuwa akitugawia soda alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, trei mkononi. Akamfungulia Fanta mzee wa pembeni yangu, akasema taratibu, kama mtu anayejisemea: "Kwetu friji lipo." Kisha akaenda meza nyingine.

Namkumbuka binti yule kila ninaposikia mabishano ya siku hizi kuhusu vichekesho. Kuna wanaosema watu wamekuwa walaini kupita kiasi. Humtanii tena Mhaya kwa kujisifu, Mpare kwa ubahili wala Mchaga kwa pesa bila mtu kuja juu kwamba unanyanyapaa. Wapo pia wanaosema mzaha ule haukuwahi kuwachekesha, ila walikosa pa kusemea. Mimi nimewahi kukaa kambi zote mbili, na sijafika popote kwa kuuliza kipi kinachekesha. Swali lililonisaidia ni jingine: anayechekwa anaweza kujibu?

Hoja nzito zaidi ya wale wa kwanza ni utani wa jadi. Wanasema, na wana haki kusema, kwamba Tanzania imekaa kwa amani kwa sababu tunajua kutukanana. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na kilichobaki ni utani. Wanyamwezi walishuka pwani na misafara, wakapata watani Wazaramo. Aliyewahi kuzika Mngoni mbele ya Wahehe anajua mambo yanavyokuwa. Mtani anaingia msibani amevaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kikohozi chake kilekile, na wafiwa waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka huku machozi hayajakauka. Akitaka, anashuka kaburini na kulala humo mpaka apewe chochote ndipo atoke. Hakuna anayekasirika, na ukikasirika aibu ni yako.

Lakini utani huo una masharti, na ndiyo tunayoyasahau tukiutetea. Unajulikana ni wa nani na nani. Unakwenda na kurudi: ukinitania leo, kesho nami nitakuwa kwako. Tena una kazi. Aliyevaa koti la marehemu ndiye pia aliyeshika jembe asubuhi, na ndiye atakayesimamia sufuria jioni. Amelipia kicheko chake kwa jasho. Yule MC wa Sinza alichukua leseni ya mtani akaacha majukumu yake. Binti wa soda hakuwa mtani wake kwa maana yoyote. Alikuwa mtu aliyelipwa asimame pale, na aliyejua kwamba akijibu kwa sauti hatarudi kazini wiki ijayo. (Niliambiwa baadaye kuwa MC mwenyewe kwao ni Njombe, mkoa jirani na Iringa. Nilipomsimulia rafiki yangu, alisema basi suala limekwisha, kajitania mwenyewe. Mimi sidhani. Mjini hapa yeye ni MC na binti ni mhudumu, na umbali huo ni mkubwa kuliko wa Njombe na Iringa.)

Kenya imeupitia mtihani huu kwa uchungu kuliko sisi, kwa hiyo tuangalie huko.

Kwa miongo mingi, mzee aliyependwa kuliko wote kwenye runinga ya taifa alikuwa Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi, na Kiswahili chake cha Kijaluo: shamba ikawa "samba", shida ikawa "sida". Aliyeigiza nafasi hiyo, hayati Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Alipofariki mwaka 2015 alililiwa na nchi nzima, Wajaluo wakiwemo. Hapo hoja yangu inaanza kuyumba, na sitaki kuificha: mtu alichukua lafudhi ya jamii nyingine, akaichezea kwa miaka, na matokeo yake yakawa mapenzi. Mzee wa Kijaluo aliingia sebuleni kwa watu ambao pengine wasingemkaribisha mwingine. Sababu mojawapo, nadhani, ni kwamba Ojwang' hakuwa kichekesho cha kupita. Alikuwa na mke, Mama Kayai, ambaye hakumwachia neno. Alikuwa na madeni, kiburi, na siku za kushindwa. Lafudhi ilikuwa sehemu ya mtu, si mtu mzima.

Halafu ikaja Desemba 2007. Vurugu za baada ya uchaguzi ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, na kwenye vizuizi vya barabarani watu waliulizwa majina na lugha zao. Matamshi ya mtu, yaleyale yaliyokuwa yakichekesha kwenye runinga, yaligeuka kitambulisho cha kufia. Baada ya hapo kuigiza lafudhi ya jirani hakukuwa tena jambo jepesi kama zamani.

Kilichofuata kinafundisha. Jukwaa la Churchill, kipindi cha vichekesho cha runinga, likajaa wachekeshaji ambao kila mmoja alikuja na kwao. MC Jessy alileta Wameru, Jemutai akaleta Wakalenjin. Kanuni ambayo haikuandikwa popote ikawa: mtanie wa kwenu. Ni hatua mbele, kwa sababu anayesema anawajibika kwa wanaosemwa. Akirudi kijijini Krismasi atakutana nao. Hata hivyo nina shaka nayo. Mmeru wa jukwaani lazima awe na hasira na atafune miraa, la sivyo watu watadai kiingilio chao. Bidhaa ni ileile, aliyebadilika ni muuzaji. Na kijana wa Meru mpole, asiyetafuna chochote, anaendelea kuulizwa kazini mbona hana panga.

Kizazi cha simu kimeichoka biashara hiyo, angalau kwa sehemu. Ukitazama video fupi za akina Crazy Kennar na Njugush, vichekesho vingi ni vya mama mwenye nyumba, mwalimu wa zamu, ndoa changa yenye bajeti finyu. Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, walijitangaza kuwa hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Mzaha wao mkubwa ulikuwa jina moja tu kwa Rais William Ruto: Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia aliyepanda mkuyu. "Zakayo, shuka!" Mtu wa Kisumu na wa Nyeri wanacheka pamoja bila mmoja wao kuhitaji kubana pua, na anayechekwa ana jeshi, ana redio na ana msemaji. Sisemi kizazi hicho ni cha malaika. Simu hizohizo humchambua msichana unene wake mpaka anafunga akaunti, na huko hakuna harakati za kujisifia.

Kwa hiyo nilikuwa karibu kuhitimisha kwamba mambo yanakwenda vizuri, watu wanajirekebisha wenyewe. Hapo ndipo inapoingia serikali.

Aprili 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ya Kenya, iliyozaliwa na sheria ya 2008, ilitoa orodha ya maneno ya kuchungwa. Yalikuwemo madoadoa, kwekwe, mende. Ilikuwemo pia "watajua hawajui", kauli inayofaa kabisa kuwa jina la kanga. Watetezi wa lugha walicheka, na nawaelewa. Chui bado ana madoadoa. Mkulima wa Kitale bado anang'oa kwekwe, na hawezi kuipigia tume simu kila akishika jembe. Neno likipigwa marufuku halifi, linabadili nguo: kesho watasema mawe kwenye mchele, na kila mtu ataelewa.

Lakini asiyeelewa woga wa tume ile aangalie jirani. Madoadoa lilikuwa jina la majirani waliotakiwa kuondolewa Bonde la Ufa, na Januari mwaka huohuo wa 2022 seneta mmoja alikuwa amelitamka jukwaani Eldoret, akakamatwa, akaomba radhi. Mende ni zito zaidi. Rwanda, mwaka 1994, neno inyenzi, yaani mende, lilitangazwa na redio RTLM, na redio hiyo haikupata wasikilizaji kwa hotuba za hasira peke yake. Ilipendwa kwa muziki wake na kwa watangazaji wake waliojua kuchekesha. Mzaha ulizoesha masikio. Anayesema "ni utani tu, jamani" anatakiwa aiweke historia hiyo mezani kabla hajaendelea.

Kwangu mimi orodha ya maneno ni dawa mbaya ya ugonjwa wa kweli. Nasema hivyo kwa sababu neno "heshima" lina tabia ya kupanda ngazi. Linaanza kwa kumlinda binti wa soda, na kabla hujageuka linamlinda mheshimiwa. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan aliitwa na polisi wa Dar es Salaam baada ya kutumia programu ya simu kubadilishana sura na Rais John Magufuli pichani. Mei 2020 alikamatwa baada ya kujirekodi akiicheka picha ya zamani ya Rais katika suti iliyompwaya. Kucheka tu. Mashtaka aliyosomewa yalihusu usajili wa laini ya simu. Weka kisa hicho kando ya kile cha Sinza, utaona vimepinduliwa. Kwenye harusi anayechekwa hana maikrofoni. Kwa Idris, anayechekwa ana maikrofoni zote za nchi, na bado ndiye aliyehesabiwa kuwa kaonewa.

Nawalaumu kidogo wenzangu wanaopigania lugha ya staha kwa kutolitamka hili kwa sauti. Anayedai wachekeshaji wachungwe kwa ajili ya wanyonge, huku akinyamaza wachekeshaji wakichungwa kwa ajili ya wakubwa, anawapa hoja walewale wanaomwita mlaini.

Mabadiliko yaliyodumu kwetu, nikiyatazama, hayakuja kwa orodha. Zamani neno zeruzeru lilitamkwa mtaani na jukwaani bila mtu kujiuliza. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotutia aibu mwishoni mwa miaka ya 2000 yaliwashtua wengi, lakini hofu peke yake ingeweza kuzaa huruma ya kuonewa tu. Kilichosaidia, naamini, ni watu wenyewe kuonekana na kusikika. Mwaka 2010 wapigakura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Mgombea akipanda jukwaani, akaomba kura, akarusha kijembe kwa mpinzani, umati ukacheka pamoja naye, mcheshi wa siku ya pili hawezi kulitamka lile neno kwa urahisi uleule. Si kwa sababu limekatazwa. Ni kwa sababu mwenyewe yupo na anajua kujibu.

Novemba iliyopita nilimkuta tena yule MC, Mbezi safari hii, na suti ileile ya maziwa. Upande wa bibi harusi walikuwa wametoka Mafinga, mkoani Iringa, na basi zima. Sijui kama aliambiwa. Akabana pua, "Kamweneee!", friji, kabati, nguo. Watu walicheka, ila si kama mwaka ule. Meza za kushoto zilikuwa zinatazamana. Shangazi wa bibi harusi, mama wa makamo aliyejifunga kitenge kama anakwenda shamba, akainuka. Alitembea taratibu mpaka mbele, akanyoosha mkono, na MC, kwa mazoea ya kuwaheshimu wakubwa, akamkabidhi maikrofoni.

"Kamwene, mwanangu," alisema. "Sisi kwetu nguo tunapanga kabatini. Hiyo suti yako ndiyo naona imetoka kwenye friji. Mbona imekukakamalia hivyo?"

Basi zima la Mafinga lilisimama. MC aliinama, mikono magotini, anacheka mpaka anafuta jasho kwa tai. Alipojiweka sawa akanyoosha mkono kuomba maikrofoni yake. Shangazi akaisogeza mbali. Bado alikuwa hajamaliza.