Mhitimu wa ukutubi asikabidhiwe funguo na kuachwa

Kijana aliyesomea ukutubi hujulikana mwaka wa kwanza kazini: ama atakuwa mkutubi, ama atabaki kuwa mtunza funguo. Nalisema hili kwa uchungu, maana hapa Mwanza nawaona. Wanatoka Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, wengine wanatoka vyuo vikuu. Wanaripoti shuleni wakiwa na ari, wanaonyeshwa chumba, rafu na daftari la kuazimia vitabu, basi. Hakuna hata mmoja pale anayeijua kazi yao. Muda si mrefu wanapangiwa kusimamia mitihani na kupokea wageni.

Mtu atasema fildi walishakwenda. Ndiyo, lakini mwanafunzi wa fildi hupewa kubandika lebo na kurudisha vitabu kwenye rafu. Uamuzi haachiwi.

Na ukutubi ni uamuzi. Mzee anafika kaunta, anasema, "Mwanangu, naomba kitabu cha samaki." Mhitimu aliye peke yake anaharakisha kwenye 597 ya Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, anamletea kitabu cha zuolojia, chenye mapezi na magamba. Mzee anakifunua, anashukuru, anaondoka na hataonekana tena. Mkutubi mzoefu angeanza kwa kumkaribisha: "Shikamoo baba, karibu. Wewe unavua au unafuga?" Kumbe anafuga sato kwenye vizimba ziwani, na wanakufa. Hapo ni 639.3 ya ufugaji wa samaki, si 639.2 ya uvuvi, wala si 597. Rafu ikiwa tupu, mzoefu hakwami: anajua Nyegezi kuna chuo cha uvuvi na watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, anajua pia wa kumpigia simu. Ujuzi huo hupatikana kwa kukaa karibu na mtu anayeufanyia kazi, ukamsikia anavyouliza.

Ndiyo maana nataka kila mhitimu apewe mlezi wa kitaaluma kwa mwaka mzima, kwa maandishi. Mlezi asiwe bosi wake, kwa sababu kijana hatamwambia anayemjazia tathmini kwamba hajui kuainisha ripoti za serikali. Na mlezi apunguziwe majukumu mengine. Tukimwachia kujitolea, itadumu mwezi mmoja. Aliye Ukerewe au Sengerema afuatwe kwa simu, na mara mojamoja atembelewe.

Mji wetu una bahati ambayo hatuitumii. Maktaba ya mkoa iko mjini, Bugando ina maktaba ya wanafunzi wa udaktari, ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino iko Malimbe, zote zinafikika kwa daladala. Mhitimu akikaa wiki chache katika kila moja ataona mtoto wa darasa la nne anavyohudumiwa, na daktari mwanafunzi anayesaka makala ya jarida anavyohudumiwa. Hakuna semina ya siku mbili itakayompa hayo. Kijana naye haendi mikono mitupu: wengi wao wanaiendesha Koha, programu ya kompyuta ya maktaba, vizuri kuliko sisi.

Wakutubi wengi waliotulea wanakaribia kustaafu. Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wakuu wa shule na wakurugenzi wa maktaba: siku mnapomwandikia kijana barua ya kuanza kazi, mwandikieni pia na mlezi wake, nakala ziende kwa wote wawili.